Ushonaji wa kaptula

Ushonaji wa kaptula ni kazi ya kupima, kukata na kuunganisha kitambaa ili kupata suruali fupi inayoishia juu ya goti, gotini au chini kidogo ya goti. Kaptula nyepesi ya msimu wa joto, yenye lastiki kiunoni na isiyo na zipu, ni vazi linalomfaa anayeanza kujifunza cherehani. Ina vipande vinne tu vya kitambaa, na mishono yake mingi ni ya moja kwa moja.

Sehemu yake ngumu ni moja: msamba, yaani pale katikati ya miguu ambapo mishono ya vipande vyote vinne hukutana. Kaptula iliyokosewa hapo hubana, hupanda juu au huchanika mvaaji anapochuchumaa. Kosa la mshono hufumuliwa na kurudiwa, lakini kosa la mkasi mara nyingi hupoteza kitambaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya mtu kukaa kwenye cherehani.

Jijini Dar es Salaam vifaa vyote vya kazi hii hupatikana katika eneo la Kariakoo na Gerezani, ambako maduka ya vitambaa, wauza nyuzi na vifungo, na mafundi cherehani hufanya kazi karibu karibu.

Jina

Neno kaptula huandikwa pia kaptura. Maneno ya namna hiyo yamo katika lugha nyingine za Kibantu za kanda hii, kama kaputula katika Kibemba na kabudula katika Kichewa. Nchini Tanzania watu wengi huita vazi hilo pensi, hasa linapovaliwa na mtu mzima kwa matembezi. Bukta ni kaptula nyepesi ya michezo, ya mazoezi au ya kuvaliwa ndani. Nchini Kenya hutumika pia neno kinyasa.

Historia

Katika pwani ya Afrika Mashariki wanaume walivaa zaidi shuka, kikoi, kanzu na, baadaye, suruali. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichotoka Marekani katika karne ya 19 kilienea kiasi cha kuitwa merikani, na jina hilo limebaki kwa vitambaa vya aina hiyo hata vikitoka nchi nyingine.

Kaptula ilienea wakati wa ukoloni. Askari wa King's African Rifles walivaa kaptula za kaki, na maofisa wa Kiingereza nao walizivaa kazini kwa sababu ya joto. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na jeshi: baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps kiliweka kambi yake mahali hapo, na jina la kikosi likatamkwa Kariakoo.

Kutoka jeshini na ofisini kaptula iliingia shuleni. Hadi leo wavulana wa shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania huvaa kaptula ya buluu na shati jeupe. Kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Januari, wiki za kabla yake huwa za kazi nyingi kwa mafundi wanaoshona sare.

Baada ya uhuru Tanzania ilijenga viwanda vya nguo. Kimojawapo ni kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, nguo za mitumba zilienea, na kaptula iliyokwisha kushonwa ikaanza kushindana na ya fundi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kupunguza uingizaji wa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za kibiashara, ni Rwanda iliyoendelea na ushuru wa juu, na mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu hizo upande wa nguo.

Katika fasihi, kaptula ni ishara kuu ya tamthilia Kaptula la Marx ya Euphrase Kezilahabi, inayokejeli uongozi na siasa ya ujamaa.

Gerezani na Kariakoo

Gerezani ni kata ya Wilaya ya Ilala inayopakana na Kariakoo. Jina lake linatokana na neno gereza. Inajulikana kwa karakana, maduka ya vyuma na vipuri, na kwa kituo cha mabasi ya mwendokasi, huduma iliyoanza mwaka 2016. Mtu anayeshuka kituoni hapo anaweza kufika kwa miguu kwenye soko kuu la Kariakoo, ambalo jengo lake lilibuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Soko hilo liliungua Julai 2021.

Biashara ya vitambaa imetawanyika katika mitaa inayozunguka soko. Mtaa wa Uhuru unajulikana kwa kanga na vitenge, na Mtaa wa Kongo kwa nguo za rejareja. Katika baraza za maduka mafundi huweka cherehani zao za miguu, hivyo mnunuzi anaweza kununua kitambaa na kukipeleka kwa fundi bila kutoka mtaani.

Mnunuzi anayeanza hufaidika kwa kuuliza mambo matatu kabla kitambaa hakijakatwa kutoka kwenye jora:

- Kipimo. Vitambaa vingine huuzwa kwa mita na vingine kwa yadi. Yadi 1 ni sentimita 91.4 tu, kwa hiyo yadi 1.5 ni pungufu ya mita 1.5 kwa karibu sentimita 13. Upungufu huo unatosha kukosesha pindo.
- Upana. Vitambaa vingi vya pamba vina upana wa inchi 45 hivi, na vingine hufika inchi 60. Upana hubadili kiasi cha kununua.
- Aina ya uzi. Pamba tupu hunyonya jasho lakini hujikunja na huweza kurudi inapofuliwa. Pamba iliyochanganywa na polista hudumu na haihitaji pasi nyingi, lakini huhifadhi joto zaidi.

Kitambaa

Joto kali la Dar es Salaam huwa katika msimu wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30 na hewa huwa na unyevu mwingi. Kwa msimu huo hufaa pamba nyepesi au ya wastani, kitani, kitenge cha pamba, au kaki nyembamba. Jinzi na kaki nzito ni imara, lakini humsumbua anayeanza kwa sababu tabaka nne zinapokutana msambani sindano huweza kuvunjika. Vitambaa vinavyoteleza, kama satini, na vinavyovutika, kama vya fulana, huachwa hadi mkono uzoee.

Kwa mtu mzima wa umbo la wastani hutosha mita 1.5 ya kitambaa chenye upana wa inchi 45. Kipande cha kitenge cha yadi 2 hutosha na kubakiza cha kushonea mifuko.

Kitambaa cha pamba hufuliwa, hukaushwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Hatua hii ikirukwa, kaptula iliyokaa vizuri siku ya kwanza inaweza kubana baada ya kufuliwa mara moja. Kufua huondoa pia wanga wa kiwandani, ambao hukifanya kitambaa kionekane kigumu kuliko kilivyo.

Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, zinazokwenda kwa urefu sambamba na kingo za kiwandani, na mshindio, zinazokatiza kwa upana. Urefu wa kaptula hufuata mtande. Kipande kilichokatwa hanamu huvutika, na mguu wake hujipinda kuelekea upande mmoja baada ya kufuliwa.

Vifaa

- Cherehani ya miguu, ya mkono au ya umeme, yenye uwezo wa kushona mshono wa moja kwa moja
- Sindano namba 11 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa cha wastani na 16 kwa kaki nzito
- Uzi wa polista wa rangi inayokaribiana na kitambaa
- Lastiki yenye upana wa inchi 1
- Futi ya kupimia ya fundi na rula
- Mkasi wa kitambaa, usiotumika kukatia karatasi
- Chaki ya fundi, pini, na pini ya kufunga kwa ajili ya kupitishia lastiki
- Karatasi kubwa ya kuchorea patani. Magazeti yaliyounganishwa kwa gundi hutosha
- Pasi

Kabla ya kuanza, cherehani hujaribiwa kwa kipande cha kitambaa kilekile kilichokunjwa mara mbili. Mshono mzuri hufanana juu na chini. Uzi wa chini ukionekana juu, mkazo wa uzi wa juu umezidi. Ukilegea na kufanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu haukupitishwa sawasawa. Urefu wa mishono 10 hivi kwa inchi hufaa kwa kaptula.

Vipimo

Mafundi wengi wa Tanzania hupima kwa inchi. Inchi 1 ni sentimita 2.54. Vipimo vinne hutosha kwa kaptula ya lastiki:

- Kiuno: mzunguko wa mahali kaptula itakapokaa
- Hipsi: mzunguko wa sehemu pana zaidi ya makalio, futi ikiwa imelala bila kubana
- Kina cha msamba: mpimwaji hukaa wima kwenye kiti kigumu, na kipimo huchukuliwa ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti
- Urefu: kutoka kiunoni, kwa ubavuni, hadi kaptula itakapoishia

Kati ya vipimo hivyo, hipsi ndiyo huongoza mchoro wote. Kaptula isiyo na zipu lazima ipite kwenye hipsi ili ivalike, hata kama kiuno ni chembamba. Anayeanza na kukata kwa kipimo cha kiuno peke yake hupata vazi lisilopanda mwilini.

Mfano unaotumika hapa chini ni wa mtu mwenye kiuno cha inchi 32, hipsi inchi 40, kina cha msamba inchi 10 na urefu wa inchi 20.

Kuchora patani

Patani ni mchoro wa karatasi unaowekwa juu ya kitambaa ili kuongoza mkasi. Kaptula ina patani mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja hukatwa mara mbili. Upande wa nyuma huwa mpana na mrefu zaidi katikati, kwa sababu makalio huhitaji nafasi mtu anapokaa au kuinama.

Patani ya mbele:

1. Huchorwa mstatili wenye upana wa robo ya hipsi na kuongeza nusu inchi. Kwa mfano: 40 ÷ 4 = 10, jumla inchi 10½. Urefu wake ni inchi 20.
2. Kutoka juu hupimwa kina cha msamba na kuongezwa inchi 1 ya kulegea, yaani inchi 11. Hapo huchorwa mstari wa kulala unaoitwa mstari wa msamba.
3. Upande wa katikati ya mwili, mstari wa msamba hurefushwa nje ya mstatili kwa sehemu moja ya 20 ya hipsi, yaani inchi 2. Mwisho wake ni ncha ya msamba.
4. Kwenye mstari wa katikati huwekwa alama inchi 3 juu ya mstari wa msamba. Alama hiyo huunganishwa na ncha ya msamba kwa mkunjo unaopita kiasi cha inchi 1 kutoka kwenye kona.
5. Kutoka kwenye ncha ya msamba hushushwa mstari hadi chini, ukiingia ndani kwa nusu inchi. Huu ni mshono wa ndani wa mguu.

Patani ya nyuma:

1. Huchorwa mstatili wenye upana wa robo ya hipsi na kuongeza inchi 1½, yaani inchi 11½, na urefu wa inchi 20.
2. Mstari wa msamba huwekwa palepale, inchi 11 kutoka juu.
3. Ncha ya msamba hutoka nje kwa sehemu moja ya 10 ya hipsi, yaani inchi 4.
4. Juu, upande wa katikati, huingiwa ndani inchi 1 na kupanda juu inchi 1¼. Alama hiyo huunganishwa kwa mstari na kona ya ubavuni, ili kiuno cha nyuma kiwe na mteremko.
5. Kwenye mstari wa katikati huwekwa alama inchi 4 juu ya mstari wa msamba. Kutoka kiunoni mstari hushuka moja kwa moja hadi alama hiyo, kisha hupinda hadi kwenye ncha ya msamba, ukipita kiasi cha inchi 1¾ kutoka kwenye kona.
6. Mshono wa ndani hushushwa kutoka kwenye ncha ya msamba, ukiingia ndani inchi 1 chini.

Mchoro hukaguliwa kwa hesabu kabla ya kukata. Upana wa juu wa mbele ni inchi 10½ na wa nyuma ni kiasi hichohicho baada ya kuingia ndani inchi 1. Vipande vinne vina jumla ya inchi 42, ambazo zinazidi hipsi za inchi 40, kwa hiyo kaptula itapita. Mishono ya ndani ya mbele na nyuma huwekwa sambamba ili kuhakikisha kuwa urefu wake unalingana, na hivyohivyo ya ubavuni.

Mwisho huongezwa nafasi ya mshono kuzunguka patani: nusu inchi ubavuni, ndani ya mguu na kwenye mkunjo wa msamba, inchi 1¾ juu kwa ajili ya njia ya lastiki, na inchi 1½ chini kwa ajili ya pindo.

Njia nyingine ni kuchukua kaptula kuukuu inayomkaa mtu vizuri, kuifumua kwenye mishono yake, kuipiga pasi na kuchora kingo zake juu ya karatasi. Kaptula ya mtumba ya bei nafuu inaweza kutumika hivyo, na mwanafunzi huona kwa macho yake jinsi kipande cha nyuma kinavyotofautiana na cha mbele.

Kukata

Kitambaa hukunjwa kwa urefu, uso ukiwa ndani na kingo za kiwandani zikiwa zimelingana. Patani hulazwa juu yake ubavu ukiwa sambamba na kingo hizo, kisha hushikizwa kwa pini. Kwa kitambaa cha inchi 45, mkunjo una upana wa inchi 22½ tu, kwa hiyo patani ya mbele na ya nyuma hupangwa moja baada ya nyingine kwa urefu. Kila moja huchukua chini ya inchi 25, na zote mbili hutosha ndani ya mita 1.5.

Kukata kitambaa kikiwa kimekunjwa huleta vipande viwili vinavyotazamana, cha kushoto na cha kulia. Anayekata kipande kimoja kimoja bila kugeuza patani huishia na miguu miwili ya upande mmoja. Kitenge chenye maua au maandishi yanayoelekea upande mmoja huhitaji patani zote zielekee juu, vinginevyo picha za nyuma zitakaa kichwa chini.

Anayetaka kuwa na uhakika hukata kwanza kaptula ya majaribio kwa merikani au shuka kuukuu na kuiunga kwa mishono mirefu ya haraka. Mvaaji huketi, huchuchumaa na kupanda ngazi akiwa ameivaa. Marekebisho huhamishiwa kwenye patani kabla ya kitambaa chenyewe kuguswa.

Kushona

1. Mfuko, kama upo, hushonwa kwanza kwenye kipande cha nyuma kikiwa bado bapa. Mstatili wa inchi 6 kwa 7 hukunjwa kingo, hupigwa pasi na kushonwa pande tatu.
2. Kipande cha mbele hulazwa juu ya cha nyuma, uso kwa uso, na kushonwa ubavuni. Hivyohivyo kwa mguu wa pili.
3. Kila mguu hushonwa ndani, kutoka ncha ya msamba hadi chini. Sasa kuna mirija miwili.
4. Kingo za mishono hupigwa ova au mshono wa zigizaga ili zisichambuke. Asiye na mashine hiyo hupeleka kwa fundi mwenye nayo.
5. Mguu mmoja hugeuzwa uso ukawa nje na kuingizwa ndani ya mwingine, ili nyuso zitazamane. Mishono ya ndani hulinganishwa na kushikizwa kwa pini.
6. Mkunjo wa msamba hushonwa kwa mfululizo kutoka kiuno cha mbele hadi kiuno cha nyuma, kisha hurudiwa kwa mshono wa pili juu ya wa kwanza. Kingo za sehemu iliyopinda hukatwa mikato midogo isiyofika kwenye mshono, ili mkunjo ulale vizuri, ndipo hupigwa ova. Mshono huu huvutwa kwa mikono; ukilia au kukatika, ni bora ukatike hapo kuliko barabarani.
7. Kiunoni hukunjwa nusu inchi, kisha inchi 1¼, na kupigwa pasi. Mkunjo hushonwa karibu na ukingo wa chini, huku nyuma ikiachwa nafasi ya inchi 2.
8. Lastiki hukatwa kwa kipimo cha kiuno kikipunguzwa inchi 3 na kuongezwa inchi 1 ya kupandishia. Kwa kiuno cha inchi 32 ni inchi 30. Hupitishwa kwa pini ya kufunga, ncha zake hupandishwa bila kujisokota na kushonwa mara kadhaa, kisha nafasi hufungwa.
9. Kaptula huvaliwa na urefu wa miguu yote miwili kulinganishwa. Pindo hukunjwa nusu inchi, kisha inchi 1, hupigwa pasi na kushonwa.

Kila mshono hupigwa pasi kabla ya kukatizwa na mwingine. Mwanzo na mwisho wa mshono hurudiwa nyuma hatua tatu au nne ili usifumuke. Pini huondolewa kabla ya kufika chini ya sindano, na vidole hukaa mbali na mguu wa cherehani.

Makosa ya kawaida

- Kaptula inakata msambani mtu akikaa: kina cha msamba ni kifupi. Kama imekwisha kukatwa, njia ya lastiki hushonwa upya kwa mkunjo mwembamba na lastiki nyembamba ili kupata nafasi.
- Kiuno kinashuka nyuma mtu akiinama: mteremko wa kiuno cha nyuma ulisahaulika.
- Makunyanzi yanatoka msambani kuelekea mapajani: ncha ya msamba ni fupi. Mshono wa ndani ukiwa na nafasi huachiwa kidogo.
- Msamba unaning'inia: kina kimezidi. Hili ndilo kosa rahisi zaidi kurekebisha, kwa kupunguza kiunoni.
- Mshono wa msamba unachanika mara kwa mara: ulishonwa mara moja tu, au kwa mishono mirefu mno.
- Mguu mmoja unajipinda: kipande kilikatwa hanamu.

Marekebisho mengi huwezekana pale tu palipoachwa kitambaa cha ziada. Kwa sababu hiyo inashauriwa anayeanza aache nafasi ya mshono ya inchi 1 kwenye msamba wa nyuma na ubavuni, na kuipunguza baada ya kujaribu vazi.

Urefu na desturi

Urefu wa kaptula umekuwa jambo la kijamii, na wakati fulani la kisiasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, iliyolenga kupiga marufuku, kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi, nguo za kubana na kaptula fupi sana. Katika siku hizo makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake katika eneo la Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao.

Katika jamii za Waislamu wa pwani na Zanzibar, wanazuoni wengi hufundisha kuwa mwanamume anapaswa kusitiri mwili kati ya kitovu na magoti, kwa hiyo kaptula ya heshima huvuka goti. Katika ofisi na nyumba za ibada kaptula ya mtu mzima mara nyingi haikubaliki, ilhali ufukweni, michezoni na nyumbani ni vazi la kawaida. Fundi humuuliza mteja itavaliwa wapi kabla ya kupima urefu.

Mafunzo

Nchini Tanzania ushonaji hufundishwa na vyuo vilivyo chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mojawapo ya vyuo hivyo kipo Chang'ombe, Dar es Salaam. Njia ya zamani zaidi ni kukaa kwa fundi: mwanafunzi huanza kwa kufumua, kupiga pasi na kushona mapindo, na hukabidhiwa mkasi baadaye. Mpangilio huo una maana katika biashara, kwa kuwa kitambaa kinachokatwa aghalabu ni mali ya mteja, na kikiharibika ni fundi anayekilipa.

Anayemaliza kaptula ya lastiki amepata msingi wa suruali ndefu, pajama na sare za shule. Mchoro wa juu hubaki uleule. Kinachoongezeka ni urefu wa mguu, zipu, mkanda na mifuko ya ubavuni.

Tazama pia

- Cherehani
- Kanga
- Kariakoo
- Kitenge
- Mitumba
- Pamba